Mwongozo kamili: Kumkaribisha mwenzako wa lugha chakula cha mchana, mkala na kuzungumza Kiswahili tu

Vijana wengi hapa Unguja wana wenzao wa lugha. Mtu wa nje anajifunza Kiswahili, labda SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), nao wanajifunza lugha yake. Barazani, na daftari mkononi, mambo yanakwenda vizuri. Siku wakimkaribisha nyumbani kula, yanaharibika. Mgeni anakalishwa kwenye kochi, anapewa sahani yake na kijiko chake, binamu anayejua Kiingereza anatumwa kukaa naye, na mama hatoki jikoni. Saa mbili baadaye mgeni anaondoka ameshiba, bila neno moja jipya.

Nimelikosea jambo hili mara mbili nyumbani kwetu, na kila mwezi kuna mtu ananieleza kwamba na kwake imekuwa hivyo hivyo. Utaratibu ufuatao ndio tunaoutumia sasa. Mwenzangu ni Mjerumani, kwa hiyo mifano ya upande wa pili ni ya Kijerumani. Kama wako anatoka kwingine, hatua ni zile zile, ila maswali ya hatua ya kwanza yatazaa majibu mengine.

## Vitu vya kuandaa (watu sita)

- Mchele kilo 1 na nazi 2 zilizokomaa
- Changu au kolekole kilo 1 na nusu. Kama mgeni hali samaki, maharage nusu kilo
- Vitunguu maji, tungule, thomu, tangawizi, ukwaju, ndimu, bizari ya mchuzi, pilipili mbichi, chumvi
- Mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu au chujio, ungo, sufuria mbili, mwiko, upawa
- Sinia, kawa, mkeka, kisahani cha miiba
- Birika, beseni, sabuni na taulo safi
- Maji ya kunywa yaliyochemshwa, ya kutosha pia kuoshea mboga za kachumbari
- Kijiko kimoja cha akiba
- Daftari dogo la mgeni, litakalobaki mfukoni mpaka wakati wa chai

Usiazime sahani za maua kwa jirani. Unachotaka mgeni akione ni chakula cha siku zote, kwa vyombo vya siku zote, maana maneno ya vyombo hivyo ndiyo atakayokutana nayo kila nyumba atakayoingia.

## Hatua ya 1: Uliza siku tatu kabla

Mtumie ujumbe wa sauti kwa Kiswahili. Usimuulize tu “unakula nyama?”, kwa sababu neno hilo halina mpaka mmoja kwetu na kwake. Kwetu mtu aliyesema hali nyama bado atapakuliwa samaki, na mchuzi ulioondolewa vipande vya nyama huhesabiwa kuwa hauna nyama. Kwake huenda vyote viwili ni nyama. Taja kimoja kimoja: ng'ombe, kuku, samaki, mayai, maziwa, supu ya mifupa.

Tahadhari: Uliza kuhusu karanga, peke yake, na usikilize jibu. Wapo watu ambao karanga kidogo tu huwavimbisha koo na kuwazuia kupumua. Akisema hali kwa sababu hiyo, siku hiyo karanga zisiingie jikoni kabisa.

Kama ni Ramadhani, mwite futari badala ya chakula cha mchana, na umweleze kwamba mtaanza na tende na maji, kisha watu wataswali, ndipo chakula kiendelee. Asipoambiwa atadhani tende ndiyo chakula chenyewe.

Jambo la mwisho ni la nyumbani. Kama wewe ni mvulana na mwenzako ni msichana, au kinyume chake, mwaliko utoke kwa mama, si kwako. Mwambie mama mapema, naye aseme kwa mdomo wake, “Mlete mwanangu huyo aje ale.” Mgeni wa kike atakaa na wanawake na kula nao. Hilo si kumtenga. Huko ndiko Kiswahili kiliko.

## Hatua ya 2: Funga saa kwa namba mbili

Makosa ya saa ndiyo yaliyoniumiza zaidi. Nilimwambia mwenzangu wa kwanza aje saa saba. Alikuja saa moja jioni, wali umepoa chini ya kawa tangu mchana, na mama amekwisha kuamini kwamba kijana yule ametudharau. Mwenyewe alikuwa amefika kwa dakika ile ile aliyoielewa.

Saa yetu na saa ya simu yake zimepishana kwa saa sita, na hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni mtego wa pili, wa nusu. Mjerumani anaposema *halb zwei*, maana yake neno kwa neno ni “nusu ya mbili”, lakini saa yenyewe ni 13:30, yaani saa saba na nusu yetu. Yeye huhesabu nusu ya kuifikia saa inayokuja, sisi huhesabu nusu iliyozidi saa iliyopita. Mkikadiria kwa masikio mtakosana hata kama wote wawili mnajua kutoa sita.

Andika hivi: “Njoo saa 5:00 asubuhi. Kwenye simu yako ni 11:00.” Kisha mwombe akurudishie kwa sauti yake.

Mbona saa tano, na chakula ni saa saba na nusu? Kwa sababu humwiti kula. Unamwita kupika, halafu kula. Na umweleze kwamba kati hapo, baada ya saa sita, kuna swala ya adhuhuri na baadhi ya watu watatoka, asije akafikiri amewakera.

Umefanikiwa ikiwa: amekujibu “saa tano asubuhi” bila kutaja saa ya simu. Naye atafika kwa wakati, pengine dakika chache kabla, kwa hiyo usiwe bado bafuni.

## Hatua ya 3: Patana na watu wa nyumbani

Keti nao usiku wa kuamkia siku yenyewe. Mapatano ni matatu.

La kwanza, Kiingereza kisisikike mpaka chai imalizike. Binamu anayependa kukitumia apewe kazi ya kwenda kununua barafu.

La pili, wasiseme Kiswahili kilichovunjwa ili “kumrahisishia”. Mtu mzima akimwambia mgeni “wewe kula samaki?” mgeni ataibeba sentensi hiyo kama ilivyo. Waseme sentensi fupi, lakini kamili: “Unakula samaki?”

La tatu, msahihishaji awe mmoja. Kwetu ni bibi. Watu watano wakimrekebisha kwa pamoja, mgeni hunyamaza, na akishanyamaza jikoni hatazungumza tena mezani. Bibi humrudia tu sentensi kwa usahihi kisha anaendelea na kazi yake, na hiyo inatosha.

## Hatua ya 4: Mlangoni

Mwache apige hodi mwenyewe. Usimfungulie ulipomwona dirishani. “Hodi!” – “Karibu!” – viatu nje – ndipo salamu.

Shikamoo wamezoea kuifundishwa, wanaitoa vizuri. Wanapokwama ni pale watoto wa nyumbani wanapowaamkia wao. Mtoto anasema “Shikamoo”, mgeni anajibu “Shikamoo” au “Poa”, na mtoto anabaki anamtazama. Mfundishe kabla: akiamkiwa hivyo, jibu ni “Marahaba”, hata kama ana miaka 22 na hajawahi kujiona mkubwa wa mtu.

Kuhusu mikono: mgeni wa kiume asiwahi kumnyooshea mkono mwanamke wa nyumba. Aweke kiganja kifuani na kuinamisha kichwa. Mama akitaka kumpa mkono atampa mwenyewe.

Habari za nyumbani, za masomo, za tangu juzi, zote zipite. Mgeni ataona ni maswali mengi yenye jibu moja. Mwambie jibu la kwanza ni “nzuri” au “salama” hata kama alilala na homa. Ile homa itapata nafasi yake baadaye, watu wakishakaa.

Akileta zawadi, ipokee kwa mikono miwili. Kwetu huwekwa kando, lakini Wajerumani kwa kawaida hufungua zawadi mbele ya aliyeileta, na akiona yake imepelekwa chumbani imefungwa anaweza kudhani haikupendeza. Mimi huifungua hapo hapo, nikimweleza mama kwa nini.

## Hatua ya 5: Mpe kazi

“Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.” Kwa mwenza wa lugha msemo huu upunguzwe siku. Mpe jembe siku ya kwanza, saa ya kwanza. Mtu aliyekaa kochini husikia maneno, lakini mtu aliyeshika mwiko huyahitaji, na neno linalohitajika halisahauliki.

Kama mgeni ni mwanamume na jikoni ni kwa wanawake, mtoleeni mbuzi uani. Tumefanya hivyo mara zote kwa mwenzangu na hakuna aliyeona tabu.

Anza na mchele. Mpe ungo, apete na kuchambua mawe. Hapo hapo mweleze: mpunga uko shambani, mchele uko kwenye ungo, wali uko kwenye sinia. Kijerumani kina neno moja tu la kawaida kwa vyote, *Reis*, ndiyo maana atakuambia “nimekula mchele”. Usimkaripie. Mwonyeshe ungo sasa, na mchana mwonyeshe sinia. Hatalikosea tena.

Kisha nazi. Sema “Nipe mbuzi” na umwache atafute. Akishaelewa kwamba mbuzi huyu hana miguu, mkalishe juu yake.

Tahadhari: Meno ya mbuzi hukata. Ashike kifuu kwa mikono yote miwili, akizungushe pole pole, na aache mara rangi ya kahawia inapoonekana, maana hiyo huharibu rangi ya tui.

Tia maji ya uvuguvugu kidogo kwenye nazi iliyokunwa, kamua, chuja: hilo ni tui zito, liweke kando. Tia maji mengine, kamua tena: hilo ni tui jepesi. Kinachobaki ni chicha. Hayo ni majina manne kutoka tunda moja, na mgeni ameyapata kwa mikono yake.

Sasa ndipo penye faida kubwa ya jikoni. Wanafunzi wa Kiswahili huteseka sana na kauli ya kutendea: *-ia, -ea, -lia*. Darasani wanaipata kama jedwali. Jikoni hakuna mtu anayesema bila hiyo. Mwambie bibi aagize kama anavyoagiza siku zote:

“Nikunie nazi. Nichujie tui. Nisogezee chumvi. Nionjee mchuzi. Niepulie sufuria.”

Mgeni afanye, kisha zigeuzwe, yeye ndiye aagize: “Bibi, nionjee.” Katika nusu saa ataisikia kauli hiyo zaidi ya alivyoisikia muhula mzima. Mkiona amekosea, akasema “onja kwa mimi”, bibi aseme tu “Nikuonjee? Haya,” na aonje.

Wali wenyewe. Chemsha tui jepesi na chumvi. Tia mchele uliooshwa, tui lipite juu ya mchele kiasi cha pingili moja ya kidole. Likikaribia kukauka, mimina tui zito ukibakisha la mchuzi, geuza kwa mwiko mara moja, funika, punguza moto. Mkipikia makaa, yapalie juu ya mfuniko. Baada ya dakika 15 hadi 20 fungua: punje zimeachana na harufu ya nazi imejaa uani.

Mchuzi. Paa samaki magamba, mtie chumvi, ndimu na thomu, mkaange. Kaanga kitunguu, tangawizi, bizari na tungule mpaka tungule zivunjike. Tia ukwaju uliorowekwa na tui ulilolibakisha, chemsha bila kufunika huku ukikoroga lisikatike, mrudishe samaki. Kama ni maharage, yachemshwe tangu asubuhi na mapema, hayangoji mgeni.

Kila kitu kikiwa tayari, mwulize: “Vipi?” Aseme: wali *umeiva*, tui *limechujwa*, nazi *imekunwa*, samaki *amekaangwa*, maharage *yameiva*. Viambishi vitano vya ngeli, na kila kimoja kimesimama mbele yake kinatoa mvuke.

Umefanikiwa ikiwa: ameuliza swali ambalo hukumfundisha. Wa kwangu alisema, “Bibi, imetosha?” akiwa na kifuu mkononi. Bibi alimjibu “Bado kidogo” bila kugeuka, kama anavyotujibu sisi. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyofaulu mtihani wangu wa Kijerumani.

## Hatua ya 6: Kunawa na kukaa

Mdogo wa nyumbani apite na birika, beseni na taulo, aanze na mkubwa au mgeni. Kukaa ni kitako, miguu imekunjwa, nyayo zisielekee sinia. Mgeni mwenye magoti mabaya apewe kigoda, na asibembelezwe kukaa chini.

Kabla ya kuanza mwonyeshe jambo moja tu: mkono. Kiswahili chenyewe kimemaliza kazi, maana mkono wa kulia ni mkono wa *kulia chakula*. Kama yeye ni wa shoto, hapa ndipo kile kijiko cha akiba kinapotokea, akishike kwa kulia. Usiwaache watu wamgundue katikati ya kula.

## Hatua ya 7: Kula

Watu waseme “Bismillahi”. Asiye Mwislamu si lazima aseme, asubiri tu mkubwa aanze.

Kila mtu ana upande wake wa sinia, ule ulio mbele yake. Tonge hubinywa kwa ncha za vidole, si kwa kiganja. Samaki yuko katikati, na mgeni asimfuate: mwenye nyumba atammegea na kumsogezea. Mwambie hili kabla, kwa sababu akiona vipande vinarundikwa upande wake atavirudisha kwa adabu ya kwao, na hapo atakuwa ameikataa heshima. Miiba iende kwenye kisahani.

Usifundishe wakati wa kula. Usimwulize “hiki kinaitwaje?” akiwa na tonge mkononi. Mvua na bei ya samaki vitazungumzwa, akichangia sentensi tatu inatosha kabisa. Wazee wetu wengi hula kimya, na kimya hicho hakina ubaya.

Mambo matatu lakini lazima ayajue:

*Kuomba kitu.* Vitabu vimempa “tafadhali”, naye huitia kila mahali. Nyumbani tunasema “Naomba chumvi” au “Nisogezee maji”, na upole uko kwenye sauti. “Nataka chumvi” aiache.

*Ahsante.* Hapa pana hatari ya kweli. Mjerumani akiulizwa kama aongezwe, *danke* peke yake mara nyingi maana yake ni “hapana”. Analihamisha: mama anasema “Nikuongeze?”, yeye anajibu “Ahsante”, mama anapakua. Nimeona mtu akila sinia mbili kwa neno moja. Mpe sentensi nzima: “Ahsante, nimeshiba” au “Ahsante, niongeze kidogo.” Na mama aambiwe kwamba akisema ameshiba, ameshiba.

*Karibu.* Jirani akipita mlangoni ataambiwa “Karibu tule!” naye atajibu “Starehe” na kwenda zake. Mgeni asiyejua huanza kusogea ampishe nafasi. Mweleze baadaye kwamba kukaribishwa kule ni kwa kweli, angeweza kukaa akala, ila “starehe” imemwachia kila mtu uhuru wake.

## Hatua ya 8: Chai, na zamu ya lugha yako

Vyombo vikishatolewa, mgeni anawe, kisha ije chai ya tangawizi. Daftari litoke mfukoni, aandike maneno kumi, si zaidi, yale tu anayoyakumbuka bila kusaidiwa. Hayo ndiyo aliyoyapata, mengine bado.

Baada ya kikombe cha kwanza, Kijerumani kinaingia. Mpaka huu tuuheshimu: chakula ni Kiswahili, chai ya pili ni Kijerumani. Tulipokuwa tukichanganya, mwenye lugha dhaifu alishindwa kila mara. Mwulize yanayofanana na mliyoyafanya: kwao husema nini kabla ya kula (*Guten Appetit*), nani hupakua, mkubwa huheshimiwaje pasipo shikamoo. Utasikia habari ya *du* na *Sie*, yaani “wewe” ya mtu wa karibu na “wewe” ya heshima, nayo itakueleza mengi.

## Hatua ya 9: Kumsindikiza, na ziara ya kurudi

Usiagane naye mlangoni. Msindikize mpaka kituo cha daladala, au angalau kona ya kwanza. Njiani, bila watu, ndiko atakakouliza aliyoyaonea haya.

Baada ya wiki moja au mbili atakualika kwake. Akikuita jioni, huenda ukakuta mkate, jibini, siagi na matango, hakuna chungu motoni. Usivunjike moyo. Wajerumani wengi kwa desturi hula chakula cha moto mchana, na cha jioni huitwa *Abendbrot*, yaani mkate wa jioni. Kama huli nguruwe, mtumie ujumbe mapema, maana nyama nyingi za kuwekwa juu ya mkate ni za nguruwe.

Fika kwa dakika aliyoitaja. Na akikuuliza kama unataka zaidi, usikatae mara ya kwanza kwa adabu ya kwetu, ukingoja ubembelezwe. Atakuamini na kuondoa sahani. Sema *Ja, gerne*, yaani “Ndiyo, kwa furaha”, na usogeze sahani yako.